The Hague, Den Haag, 's-Gravenhage au La Haye: uandike jina lipi, na kwenye karatasi gani

Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa 's-Gravenhage. Tiketi ya treni imeandikwa Den Haag. Gazeti la Nairobi limeandika The Hague, redio ya Bukavu imesema La Haye, na jamaa aliyeko Muscat anasoma habari hiyohiyo kwa Kiarabu na kukuta Lahai. Mji ni mmoja, uko Uholanzi, kwenye pwani ya Bahari ya Kaskazini. Anayetafsiri, anayehariri au anayejaza fomu ndiye anayeachiwa kazi ya kuchagua.

Majina yote hayo ni sahihi. Makosa mengi hutokea pale mtu anapolichomoa jina kwenye karatasi moja na kulipachika kwenye nyingine isiyolitambua. Kwa hiyo kabla ya kuandika, jiulize karatasi hii inaenda kwa nani: msomaji wa gazeti, karani wa usajili, mkata tiketi, au wakili?

Kwa mwenye haraka, hili hapa jedwali. Sababu zake ziko chini.

| Jina | Linavyotamkwa | Lichague kwa | Liepuke kwa |
|---|---|---|---|
| The Hague | "dhe heig", Hague ikiwa silabi moja | habari na maandishi ya jumla kwa wasomaji wa Kenya, Tanzania na Uganda | tiketi, anwani, nakala za hati |
| Hague | "heig" | majina ya mikataba na kanuni. Mazungumzo | kichwa cha habari, jina la mji kwenye hati |
| Den Haag | "den haakh" | safari, makazi, shule, manispaa | hati ambayo yenyewe imeandikwa 's-Gravenhage |
| 's-Gravenhage | "skhra-ve-haa-khe" | mahali pa kuzaliwa, ndoa, usajili | habari na mazungumzo |
| La Haye | "la e", h haisikiki | wasomaji wa Congo na Burundi. Apostili | maandishi yenye Brussels na Geneva |

Yote yametoka kwenye ua mmoja

Haag kwa Kiholanzi ni ua: vichaka vilivyopandwa kwa safu, au mahali palipozungushiwa. Kiswahili kinalibeba neno hili bila kulivunja mgongo, maana ua kwetu nao ni ile fensi na vilevile ni eneo lililo ndani yake. Watawala wa Holland wa karne ya 13 walikuwa na cheo cha graaf, cheo cha kikabaila kilicho chini ya mfalme, na walikuwa na makao kando ya bwawa karibu na matuta ya mchanga ya pwani. Graaf Willem wa Pili akaanza kujenga kasri hapo. Mwanawe, Floris wa Tano, akaendeleza. Bwawa lipo hadi leo, linaitwa Hofvijver, na majengo yaliyo kando yake yanaitwa Binnenhof, neno ambalo ukilitafsiri moja kwa moja unapata "ua wa ndani". Ndiyo makao ya jadi ya bunge la Uholanzi, ingawa tangu 2021 bunge limehamishiwa kwa muda kwingine mjini humo ili kupisha ukarabati.

Jina la zamani zaidi linalojulikana kwa maandishi ni la mwaka 1242: Die Haghe, yaani ule ua. Katika karne ya 15 likaja des Graven hage, "ua wa graaf". Ile des ikaliwa mbele ikabaki 's, na kile kialama kilicho mbele ya s kinashikilia nafasi ya herufi mbili zilizodondoka. Kuanzia karne ya 17, 's-Gravenhage ndilo jina rasmi. Kwenye vinywa vya watu likabaki lile fupi: den ni umbo la kale la kijineno cha Kiholanzi chenye kazi kama ya the, lililotumika baada ya maneno kama "katika". Mtu alisema yuko in den Haag, na den ikagandia hapohapo ingawa Kiholanzi cha leo kimeshaacha kunyambua vijineno hivyo.

Tahadhari moja kwa wanaotumia mashine za kutafsiri: graven katika Kiholanzi ni pia wingi wa kaburi, na ni kitenzi cha kuchimba. Ukikuta tafsiri inayosema "uzio wa makaburi", ujue mashine imekwenda kuzika. Hakuna kaburi hapo, kuna graaf.

Uholanzi una mji mwingine wenye jozi ya namna hii: 's-Hertogenbosch, "msitu wa hertog", hertog akiwa cheo cha juu ya graaf. Kwenye maongezi watu husema Den Bosch. Ukishaielewa jozi moja, ya pili haitakusumbua.

Kijineno cha mbele kinavyosumbua

Kiswahili hakina the, la wala den. Ndiyo maana jina hili hutukwaza kuliko Rotterdam au Amsterdam: linakuja na kijineno kisicho na kazi kwetu, na kila lugha iliyolipokea ilikifanyia uamuzi wake.

Kiingereza, Kifaransa, Kihispania na Kiitaliano zilikitafsiri: The Hague, La Haye, La Haya, L'Aia. Kireno kinasema Haia. Ruy Barbosa, mwanasiasa wa Brazil aliyeng'ara kwenye mkutano wa amani wa 1907, aliitwa kwao Tai wa Haia. Kijerumani kimechukua Den Haag kama kilivyo. Kipolandi kimekitupa kijineno kikaandika Haga, Kihungari Hága. Kirusi hakina sauti ya h, kikaweka g pande zote mbili: Gaaga. Kijapani kinatamka Hāgu. Kichina kimeandika Haiya, kwa herufi mbili ambazo moja ni bahari na nyingine ni jino, zilizochaguliwa kwa ajili ya sauti tu.

Kituruki na Kiarabu ndizo zenye mkasa mzuri. Zilichukua jina kutoka Kifaransa na kulimeza zima, kijineno na vyote: Lahey, Lahai. Msomaji wa Kiswahili asicheke. Sisi nasi tumemeza al ya Kiarabu katika alfajiri, alasiri na Alhamisi, na hakuna anayeona kwamba kuna kipande kilichobaki kooni.

Kwa hiyo hoja kwamba "The si Kiswahili, iondolewe" haina nguvu kama inavyosikika. Ukiandika Hague tupu hujaswahilisha chochote; umebaki na Kiingereza kilichokatwa kichwa. Na Kiswahili cha Afrika Mashariki tayari kinaandika Geneva na Brussels kwa umbo la Kiingereza, ingawa wenyeji wa miji hiyo hawaiiti hivyo. The Hague iko kwenye kundi hilohilo.

The Hague

Kwa habari, kitabu cha shule, makala ya siasa au ripoti ya shirika itakayosomwa Mombasa, Dodoma au Kampala, hili ndilo jina la kuchagua. Limezoeleka. Wakenya walilisikia kila siku tangu 2009, bunge lao lilipovutana juu ya kuunda mahakama ya ndani ya kushughulikia ghasia za baada ya uchaguzi, na kaulimbiu ya Kiingereza ikatungwa kwa kuioanisha Hague na neno vague kwa vina. Aprili 2011 washukiwa sita wakafika mbele ya majaji, na kuanzia hapo "kwenda The Hague" ikawa na maana ya kushtakiwa hata kwa mtu asiyejua mji wenyewe uko upande gani wa Ulaya.

Kaulimbiu hiyo ina faida moja kwa mhariri: inakukumbusha matamshi. Hague ni silabi moja, ue ya mwisho ni bubu. Watangazaji wanaosoma kwa mazoea ya Kiswahili husema "ha-gu-e", silabi tatu, na msikilizaji anapotea.

Kanuni za kuandika ni chache. T iwe kubwa kila mahali, hata katikati ya sentensi, kwa sababu The ni sehemu ya jina. Usiongeze -ni ya mahali. Andika "mjini The Hague", "huko The Hague", au "The Hague" peke yake. Upatanisho ufuate ngeli ya I-ZI ukiutaja mji kwa jina tu, "The Hague imekuwa makao ya…", na U-I ukitanguliza neno mji. Kwenye faharasa na katalogi za maktaba za Kiingereza, mji huu hupangwa kwenye H. Ukiutafuta kwenye T na kuukosa, usidhani kitabu hakiutaji.

Kuna makosa mawili ya maana ambayo tahajia haiyaponyi. La kwanza ni kuandika "The Hague, mji mkuu wa Uholanzi". Mji mkuu kikatiba ni Amsterdam. The Hague ni makao ya serikali, bunge na mahakama ya juu, na ni makao makuu ya jimbo la Zuid-Holland. Balozi nazo ziko huko, za Kenya na Tanzania zikiwemo, jambo linalowashangaza wanaopanga kwenda Amsterdam kushughulikia pasipoti.

La pili ni zito zaidi: kulitumia jina la mji mahali pa jina la mahakama. "The Hague imeamua" ni sentensi isiyotosha, kwa kuwa mjini humo kuna mahakama mbili ambazo Afrika Mashariki imefika mbele ya zote. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, hushtaki watu. Ilianza kazi Julai 2002 na ndiyo iliyokuwa na kesi za Wakenya, na ya Dominic Ongwen wa Uganda aliyehukumiwa miaka 25 mwaka 2021. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ICJ, iliyo ndani ya Kasri la Amani lililofunguliwa 1913, huamua kesi za nchi kwa nchi. Ndiyo iliyotoa hukumu ya mpaka wa baharini kati ya Somalia na Kenya tarehe 12 Oktoba 2021, na iliyoiamuru Uganda mwaka 2022 kuilipa Congo dola milioni 325. Mkenya au Mganda aliyesoma mwaka 2021 kwamba "The Hague imetoa uamuzi" alikuwa na haki ya kuuliza: ipi? Taja mahakama kwanza, mji baadaye, na mara nyingi utagundua mji hauhitajiki kabisa. Halafu ICC isiitwe "mahakama ya uhalifu wa kivita". Hayo ni makosa ya aina moja tu kati ya manne inayoyashughulikia.

Jina hili hufunika pia majirani. Tawi la Ofisi ya Ulaya ya hataza husemwa liko The Hague, lakini jengo lake liko Rijswijk. Mahakama maalumu ya Lebanon ilikuwa Leidschendam. Watuhumiwa wa ICC huzuiliwa Scheveningen, ambayo ni kitongoji cha pwani ndani ya mipaka ya manispaa. Kama makala inahitaji mtu afike mahali, taja mahali.

Hague tupu

Hili lina matumizi yake halali, nayo ni ya kisheria. Kiingereza huondoa The kinapoligeuza jina kuwa sifa ya mkataba, na baadhi ya majina hayo yameshajitenga na mji. Kanuni za Hague za usafirishaji wa mizigo baharini, ambazo mawakala wa forodha wa Mombasa na Dar es Salaam huzikuta nyuma ya hati za shehena, zilitungwa The Hague mwaka 1921 lakini zikasainiwa Brussels mwaka 1924. Mfumo wa Hague wa kusajili michoro ya viwandani unaendeshwa kutoka Geneva. Katika hali hizo Hague imeshakuwa jina la chombo, na kuandika "Kanuni za The Hague" ni kumtuma msomaji kwenye mji usiohusika.

Mikataba iliyosainiwa mjini kwenyewe ina pande mbili. Kisarufi "Mkataba wa The Hague" una haki, kwa sababu kile kihusishi wa kinaomba jina kamili la mahali. Kinywa kinapenda "Mkataba wa Hague". Ushauri wetu: kwenye tafsiri ya kisheria tumia Hague kwa chombo na The Hague kwa mji, kote kote, bila kuchanganya. Msomaji atajua kwa kutazama tu kama unazungumzia sheria au mahali.

Mahali pa kuliepuka ni kichwa cha habari. Hague ni pia jina la ukoo, na kati ya 2010 na 2014, wakati kesi za Kenya zikiwa moto, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza alikuwa William Hague. Kumbukumbu za magazeti za miaka hiyo zina Hague wa aina mbili, na anayetafuta kwa neno moja hupata vurugu.

Den Haag

Ukishatoka kwenye habari na kuingia kwenye mizigo, jina linabadilika. Vibao vya barabara, vituo vya treni, tovuti ya manispaa, shule, bili ya maji, vyote vinasema Den Haag. Mtu anayeandika mwongozo wa kuhamia huko, wa kusoma huko au wa kumtembelea ndugu aandike Den Haag toka mwanzo hadi mwisho, na aweke The Hague mara moja tu, katika aya ya kwanza, ili anayetafuta kwa jina hilo amwone.

Kwa matamshi, Mswahili ana bahati kuliko Mwingereza. Ile g ya mwisho ni kh, kama anavyoitamka mtu wa pwani katika sabalkheri. Aa ni ndefu. Sema "den haakh" na hutaombwa kurudia.

Ndege za kutoka Nairobi hutua Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, na kutoka hapo treni ya moja kwa moja hadi Den Haag Centraal ni kama nusu saa. Hapa ndipo jina peke yake halitoshi. Mji una vituo viwili vikubwa: Den Haag Centraal na Den Haag HS, yaani Hollands Spoor. Centraal ni kituo cha mwisho wa reli. Treni huingia na kurudi ilikotoka. HS iko kwenye njia inayopita, na treni nyingi zinazounganisha Leiden na Rotterdam husimama HS bila kuingia Centraal. Anayengoja kusikia Centraal akiwa kwenye treni hiyo atajikuta Delft. Kabla ya kununua tiketi, soma jina lote la kituo, na anayekupokea mwambie herufi hizo mbili za mwisho. Kwenye mifumo ya reli vituo hivi vina vifupisho Gvc na Gv, vikitoka kwenye 's-Gravenhage. Jina rasmi limejificha humo hata pale ambapo abiria halioni popote.

Uwanja mdogo wa ndege wa karibu unaitwa Rotterdam The Hague Airport, msimbo RTM. Ni miongoni mwa mahali pachache nchini humo ambapo The Hague imo ndani ya jina lenyewe, tena uwanja wenyewe uko Rotterdam.

Kwa barua, usihangaike sana na jina la mji. Msimbo wa posta wa Kiholanzi, tarakimu 4 na herufi 2, pamoja na namba ya nyumba, hutosha kuutambulisha mlango. Sajili ya taifa ya anwani imeuandika mji kama 's-Gravenhage, watu huandika Den Haag, na barua hufika. Ukikosea herufi mbili za msimbo ndipo inapotangatanga.

Wenyeji waite "wakazi wa Den Haag". Kiholanzi kina majina mawili, Hagenaar na Hagenees, na tofauti yake ni ya kitabaka: la kwanza kwa desturi ni la waliojenga juu ya mchanga mkavu, la pili la waliokaa kwenye udongo wa mboji wenye maji. Tafsiri isiyoingia kwenye ugomvi huo hailaumiwi.

's-Gravenhage

Jina hili linatumika mahali pachache, na mahali hapo halina mbadala. Manispaa yenyewe hujiita Den Haag katika mawasiliano yake yote, lakini vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa hubaki na 's-Gravenhage, na pasipoti ya Kiholanzi ya aliyezaliwa hapo huonyesha jina hilo kwenye mahali pa kuzaliwa.

Basi mtoto wa Kitanzania aliyezaliwa huko anakuwa na cheti kinachosema 's-Gravenhage, fomu ya shule iliyojazwa na mzazi kwa Den Haag, na ombi la pasipoti lililojazwa na mjomba kwa The Hague. Karani anaona miji mitatu. Dawa ni kuiga hati ya msingi, na kueleza mara moja. Kwenye tafsiri ya cheti, penye geboorteplaats, andika hivi:

Mahali pa kuzaliwa: 's-Gravenhage

Kisha chini, kwenye maelezo ya mtafsiri: "'s-Gravenhage ni jina rasmi la mji wa Den Haag, Uholanzi, ambao kwa Kiingereza huitwa The Hague." Usibadilishe jina ndani ya hati yenyewe hata ukiamini unamsaidia msomaji. Mtafsiri aliyeandika The Hague kwenye mstari ule ametoa hati isiyolingana na asilia, na huo ndio mwanya wa kuirudisha.

Uandishi wake una mitego. Herufi s ni ndogo hata mwanzoni mwa sentensi, na G ndiyo kubwa. Kwa herufi kubwa zote ni 'S-GRAVENHAGE. Kistari hakikosekani. Kialama cha mbele ni kile kilichopinda kama tarakimu 9, lakini simu na kompyuta, zikiona kialama kabla ya neno, hudhani unafungua nukuu na kuweka kilichopinda kama 6. Andika vialama viwili kwa mfuatano, kisha futa cha kwanza.

Excel ina kisa chake. Kialama kikiwa cha kwanza kwenye kisanduku, programu hukichukulia kama amri ya "hili ni neno" na kukificha, ukabaki na s-Gravenhage. Weka vialama viwili. Kimoja kitaliwa, kimoja kitabaki. Fomu za mtandaoni zinazokataa alama zote isipokuwa herufi ziandikie S GRAVENHAGE, na uhakikishe fomu zote za safari hiyo moja zina umbo hilohilo. Na kwenye orodha za kuchagua mji, usianze kutafuta kwenye S. Kialama hupangwa kabla ya A, kwa hiyo jina mara nyingi liko juu kabisa ya orodha; likikosekana hapo, jaribu G, kisha D. Kwenye mistari miwili ya chini ya pasipoti inayosomwa na mashine hakuna mahali pa kuzaliwa, hivyo mashine ya uwanja wa ndege haitakusumbua kwa jina hili.

La Haye, na Lahai

Kwa Kiswahili cha Bukavu, Goma, Bunia au Lubumbashi, na kwa msomaji wa Bujumbura, La Haye ndilo jina linalosikika kila siku. Kesi za kwanza za ICC zilihusu Ituri, mashariki mwa Congo: Thomas Lubanga alitiwa hatiani Machi 2012, hukumu ya kwanza ya mahakama hiyo, na baadaye wakafuata Germain Katanga na Bosco Ntaganda. Kifaransa na Kiingereza ndizo lugha za kazi za mahakama, na mashahidi wengi wa kesi hizo walisikilizwa kwa Kiswahili cha Congo kupitia wakalimani. Redio iliyokuwa ikiripoti ilisema La Haye. Mhariri wa Nairobi anayebadilisha kila La Haye kuwa The Hague kwenye kauli ya shahidi amembadilishia mtu maneno yake. Kwenye nukuu liachwe, kwenye maelezo ya gazeti liwe la gazeti.

Angalizo la ulinganifu: La Haye huenda na Bruxelles na Genève. Makala yenye "kutoka La Haye hadi Brussels" inaonyesha mshono wa mahali ilipounganishwa. Msomaji wa Rwanda huzifahamu njia zote mbili, kwa hiyo kwake chagua moja na ushikamane nayo.

Kuna hati moja ambapo Kifaransa ni lazima kwa kila mtu. Apostili, ule muhuri wa kuthibitisha hati kwa matumizi ya nje, ni mraba wenye upande usiopungua sentimita 9, na mkataba wenyewe umeamuru kichwa chake kiwe kwa Kifaransa: "Apostille (Convention de La Haye du 5 octobre 1961)". Burundi iko ndani ya mkataba huo tangu 2015, Rwanda tangu 2024, Oman tangu 2012. Ukitafsiri hati yenye muhuri huo, kichwa kiache kilivyo, kisha chini yake weka tafsiri: Mkataba wa Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961. Aliyeona La Haye kwenye hati iliyotoka Muscat na kudhani imepitia Ufaransa amepotezwa na jina tu.

Ufaransa kweli ina La Haye zake. Mwanafalsafa Descartes alizaliwa mwaka 1596 katika mji mmoja wenye jina hilo, ambao leo unaitwa Descartes. Kwenye utafiti wa nasaba au historia, hakikisha ni La Haye ya nchi gani kabla ya kuiandika The Hague.

Kwa wanaotafsiri kutoka Kiarabu, Lahai isiletwe ilivyo. Msomaji wa Kiswahili hataijua. Igeuze kuwa The Hague, na ukiwa na hati ya Kiarabu ya mtu aliyezaliwa Uholanzi, omba uone cheti cha Kiholanzi kabla ya kuandika chochote.

Kuhusu Hegi, Heigi na maumbo mengine ya kuswahilisha: kwenye utani yanapendeza. Kwenye maandishi hayajashika, na anayetafuta habari kwenye intaneti kwa maumbo hayo hatapata kitu.

Ukiwa na andiko refu ambalo tayari limechanganya majina, usitumie amri ya kubadilisha yote kwa mkupuo. Ukibadilisha Hague kuwa The Hague utapata "The The Hague" kila palipokuwa sahihi, na Kanuni za Hague zitaharibika. Tafuta kwanza "The Hague" na uibadilishe kuwa alama isiyotumika popote, mfano ##. Pitia kila Hague iliyobaki kwa jicho, moja moja, uamue kama ni chombo cha sheria, ni mji au ni mtu. Kisha rudisha ##. Nukuu na nakala za hati zitenge kabla hujaanza.